Funguo za programu huria zitolewe kwa tahadhari

MGONJWA kutoka Mayoni, Kakamega, akitibiwa katika hospitali inayotumia mfumo wa KenyaEMR, taarifa zake huhifadhiwa na programu iliyojengwa juu ya OpenMRS, mradi huria ulioasisiwa mwaka wa 2004 na kuanza kutumika Eldoret mwaka wa 2006.

Yeyote aweza kupendekeza marekebisho, lakini ni wachache wenye idhini ya kuyaingiza. Je, aliyeaminiwa katika mradi mmoja apewe pia funguo za miradi dada?

Wanaounga mkono husema mapendekezo hurundikana, na mjuzi wa huku hubaki mwombaji daima. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mwaka wa 2024 iligunduliwa kwamba aliyejiita Jia Tan, baada ya kuchangia programu ya xz kwa miaka kadhaa na kukabidhiwa idhini na mlezi wake aliyelemewa, alikuwa amepachika humo mlango wa siri.

Hivyo basi, wajuzi wetu wapewe funguo, ila mradi kwa mradi, kwa kazi iliyoonekana, na kila badiliko likaguliwe na mtu wa pili. Kuaminiwa ghalani si kukabidhiwa nyumba nzima.