Kazi ya hospitali hukodishwa, amana ya mgonjwa haikodishwi

Mama mzee anayeishi ghorofa ya tano katika majumba ya Michenzani akiugua, kazi ya kwanza ni kumteremsha. Lifti haipo. Vijana wawili humkalisha kwenye kiti, wakashuka naye ngazi kwa ngazi mpaka chini, ndipo inapotafutwa gari. Akifika hospitali ya Serikali, daktari humuangalia na kumuandikia kipimo cha damu na picha.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika katika miaka ya karibuni. Anayemtoa damu, anayempiga picha au anayempa dawa huenda si mwajiriwa wa Wizara ya Afya. Huenda ni mfanyakazi wa kampuni binafsi iliyoingia mkataba na Serikali. Jengo ni la umma na mgonjwa ni wa umma, lakini mashine na mwenye kuiendesha ni wa kampuni.

Serikali ya awamu ya nane chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi imeifuata njia hii waziwazi. Fedha za ahueni ya Uviko-19, zilizotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, ziliiwezesha Zanzibar kujenga hospitali mpya za wilaya Unguja na Pemba, pamoja na Hospitali ya Mkoa ya Lumumba, ambayo si mbali na Michenzani. Baada ya majengo kukamilika, baadhi ya huduma kama maabara, picha za mionzi, usafi na ulinzi zilikabidhiwa watoa huduma binafsi.

Tangu hapo suali linaulizwa barazani na nje ya misikiti baada ya sala: je, hospitali zetu zimeuzwa? Jibu fupi ni kwamba hazijauzwa. Lakini hofu ya wananchi ina msingi wake, na haifai kupuuzwa wala kufanywa mzaha wa kisiasa.

Tulikotoka

Wazee wetu wanaikumbuka ahadi iliyotolewa baada ya Mapinduzi ya 1964, kwamba matibabu yatakuwa bure kwa kila mtu. Kwa familia nyingi za Ng'ambo ahadi ile ilikuwa na uzito sawa na ya nyumba na ya skuli. Majumba ya Michenzani ni mtoto wa zama hizo hizo.

Hata hivyo, mkono wa mtu binafsi katika tiba si jambo geni Unguja. Jengo maarufu linalotazama bandari, linaloitwa Zahanati Kongwe, lilianzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan mwishoni mwa karne ya 19. Yeye alifariki 1891 kabla halijakamilika, na baadaye likatumika kama zahanati ya hisani. Hospitali ya Mnazi Mmoja nayo iliwahi kubeba jina la familia ya Karimjee Jivanjee, na baada ya Mapinduzi ikaitwa V. I. Lenin kabla ya kurudi jina lake la leo.

Kadhalika, kuwapeleka wagonjwa wa umma kwa watoa huduma wengine tumekuzoea. Kwa miaka mingi wagonjwa wenye maradhi mazito wamekuwa wakisafirishwa kutoka Mnazi Mmoja kwenda Muhimbili, na wengine India, kwa gharama za Serikali. Hakuna aliyesema kwamba mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa moyo katika hospitali binafsi ya India ameuzwa. Jipya la sasa ni kwamba mtoa huduma binafsi hafuatwi ng'ambo ya bahari. Yupo ndani ya jengo letu, kila siku, na anahudumia hata kipimo cha malaria.

Kwa nini Serikali imechagua njia hii

Lazima tuwe waadilifu. Mwananchi aliyewahi kuambiwa kwamba mashine imeharibika, au kwamba dawa za kupimia zimekwisha, anajua kuwa huduma ya bure isiyokuwepo haimtibu mtu. Alikuwa akitoka hospitali ya umma na karatasi mkononi, akaenda kupima kwenye maabara ya mtaani kwa fedha yake. Huko nako kulikuwa ni kumpeleka mgonjwa wa umma kwa mtu binafsi, ila bila mkataba, bila bei iliyokubaliwa na bila msimamizi.

Mashine ya kisasa inahitaji fundi, vipuri, umeme usiokatika na mtaalamu wa kuisoma picha. Manunuzi ya Serikali mara nyingi huenda polepole. Kampuni inayolipwa kwa kazi iliyofanyika ina sababu ya kuitengeneza mashine leo badala ya mwezi ujao. Hiyo ni faida ya kweli.

Lakini sababu hiyo hiyo ina upande wa pili. Kampuni ikilipwa kwa idadi ya vipimo, inapata faida vipimo vikiwa vingi, hata kama mgonjwa hakuvihitaji. Ikilipwa kiasi kimoja kwa mwezi bila kujali idadi, inapata faida kwa kufanya kidogo. Ikihakikishiwa malipo hata wagonjwa wasipofika, hasara yote inabaki kwa hazina. Hakuna namna ya malipo isiyo na kishawishi ndani yake. Kwa hiyo tusiishie kuuliza kama kampuni ni nzuri au mbaya. Tuulize mkataba umeandikwaje na nani anausimamia.

Yaliyowafika wenzetu

Lesotho, nchi ndogo yenye watu wasiozidi wetu kwa mbali, ilisaini mwaka 2008 mkataba wa miaka 18 na muungano wa kampuni ulioongozwa na kampuni ya hospitali ya Afrika Kusini. Hospitali mpya ya Queen 'Mamohato mjini Maseru ilifunguliwa 2011. Majengo yalikuwa mazuri na huduma nyingi zilikuwa bora kuliko za hospitali ya zamani. Lakini malipo yalipanda. Ripoti ya shirika la Oxfam ya mwaka 2014 ilieleza kuwa hospitali hiyo moja ilikuwa ikila zaidi ya nusu ya bajeti ya afya ya nchi. Baada ya mivutano mirefu, Serikali iliuvunja mkataba huo mwaka 2021. Tafsiri yake ni nyepesi: hospitali ya mji mkuu iliponenepa, fedha ya vituo vya vijijini ilikonda.

Jirani zetu Kenya, mwaka 2015, waliingia mikataba ya miaka saba ya kukodi mashine za hospitali kwa ajili ya kaunti zote 47. Fedha zilikatwa kutoka mgao wa kila kaunti kwa kiwango kimoja, iwe kubwa au ndogo. Seneti ilipochunguza, ilibainika kwamba baadhi ya mashine zilikaa bila kazi kwa kukosa umeme, chumba au mtaalamu, huku malipo yakiendelea.

Tanzania Bara nako kuna somo la namna nyingine. Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, hospitali kadhaa kubwa za binafsi zilitangaza kusitisha huduma kwa wanachama wa mfuko huo, zikisema bei mpya haziendani na gharama. Mzozo ulikuwa baina ya mfuko na wenye hospitali, lakini aliyerudishwa mlangoni na kadi yake mkononi alikuwa mgonjwa.

Visa hivi vitatu vinaonesha hatari tatu: mkataba unaomeza bajeti, mkataba unaolipia kitu kisichotumika, na ugomvi wa malipo unaomuangukia asiyehusika. Zanzibar, yenye watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022, haina bajeti ya kuvumilia hata moja kati ya hizo kwa muda mrefu.

Sheria ya dini inasemaje

Wasomaji wengi hutaka kujua kama makubaliano haya yanafaa kisheria. Kwa asili yake, mtu kumlipa mwingine amfanyie kazi ni ijara, nayo ni halali. Fuqahaa wameweka masharti yanayojulikana: kazi ijulikane, malipo yajulikane, na pasiwe na utata unaozaa dhulma, yaani gharar, ambayo Mtume (Rehma na amani za Allah zimshukie) ameikataza. Mkataba ambao upande mmoja haujui utalipa nini, au kwa kazi ipi hasa, una dosari kabla haujafika kwa mwanasheria.

Hata hivyo, mkataba wa Serikali si sawa na wa mtu na fundi wake. Imepokewa kutoka kwa Imam Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu hapa, kwamba nafasi ya kiongozi kwa raia ni kama ya mlezi kwa yatima. Mlezi anaweza kumuajiri mtu alime shamba la yatima. Hawezi kusema baada ya hapo kwamba shamba likiharibika lawama ni za mkulima peke yake. Atamuuliza, atamkagua, akilazimika atamuondoa, na hesabu ataitoa yeye. Vilevile Suratun Nisaa aya ya 58 inaamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe. Mwenye amana hapa ni yule mama aliyeteremshwa kwenye kiti.

Historia yetu ina mfano wake. Sultan Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo katika miaka ya 1280, aliiwekea wakf, na mali zake zikalipia madaktari, dawa na chakula. Mgonjwa hakuulizwa fedha. Na katika miji ya Kiislamu ya zama hizo alikuwepo muhtasib, aliyepita kukagua mizani za sokoni na pia kazi za wauza dawa. Waliifahamu tofauti tunayoizungumzia: mtendaji anaweza kuwa yeyote, lakini jicho la umma halimuachi.

Asiye na kadi

Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2023, ukaanza na watumishi wa umma, ambao michango yao hukatwa kwenye mshahara. Ni hatua njema, kwani mfuko wenye fedha unaweza kumlipa mtoa huduma kwa wakati. Lakini tujiulize kuhusu wasio na mshahara: muuza ndizi wa Darajani, dereva wa bodaboda, mvuvi wa Malindi, mwanamke anayelima mwani Paje. Hawa ndio wengi katika vitongoji vyetu.

Mtoa huduma anayejua kwamba mwenye kadi analipiwa haraka, na asiye nayo analipiwa na hazina baada ya miezi, hahitaji kuwa mtu muovu ili aanze kumpendelea wa kwanza. Foleni mbili huzaliwa kimya kimya, moja inakwenda na nyingine inasubiri. Ahadi ya 1964 haitafutwa na sheria yoyote, lakini inaweza kuisha kwenye foleni.

Tuulize nini

Wajibu wa wananchi si kupiga kelele tu wala kunyamaza tu. Yapo mambo manne ambayo kila Mwakilishi aulizwe na watu wa jimbo lake.

La kwanza ni mikataba. Muda wake, bei zake na masharti ya kuivunja yawekwe wazi mbele ya Baraza la Wawakilishi, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aikague kila mwaka. Siri ya biashara isiwe pazia la fedha ya umma.

La pili ni ubao. Katika kila hospitali pawekwe bango la Kiswahili linalosema huduma ipi ni bure, ipi inalipiwa na kiasi gani, na nani wa kulalamikiwa. Bibi asiyejua haki yake atalipa akiombwa, na hatorudi kudai.

La tatu ni wataalamu wetu. Vijana wanaosomeshwa maabara na mionzi kwa fedha za umma waajiriwe na wafundishwe ndani ya mikataba hii, ili siku kampuni ikiondoka isiondoke na ujuzi wote. Nchi isiyoweza kuiendesha mashine yake itasaini bei yoyote itakayoletewa.

La nne ni mgonjwa kutofukuzwa. Mkataba useme wazi kwamba mzozo wa malipo baina ya Serikali na kampuni hausimamishi huduma ya dharura, ya mzazi wala ya mtoto. Wadaiane wao, mahakama zipo.

Misikiti nayo ina nafasi yake. Panapokosekana nauli ya kumpeleka mgonjwa, au dawa isiyopatikana hospitali, kamati za zakka na sadaka za mitaa yetu zimekuwa zikisaidia kimya kimya. Zijipange zaidi, ziweke hesabu, na ziwe na mtu anayejua taratibu za hospitali wa kumshika mkono asiyejua aanzie dirisha gani. Lakini sadaka isitumike kuziba pengo ambalo kodi imeshalipiwa.

Serikali haikukosea kutafuta msaada wa mikono mingine. Itakosea siku itakapomjibu mama wa Michenzani kwamba tatizo lake ni la kampuni. Yeye hakusaini na kampuni. Ahadi aliyoishika ni ya Serikali, tangu alipokuwa kijana na majumba yale yakijengwa, na kwake kila anayevaa koti jeupe ndani ya hospitali ile ni mtu wa Serikali.

Wallahu a'lam.