Nywila Pekee Hailindi Amana

Wako wakuu wa ofisi, wenye busara katika mambo mengine, waaminio kwamba kompyuta iliyofungwa kwa nywila imekwisha hifadhika, ilhali nywila hiyo, maadamu diski haikusimbwa, hailindi ila mlango wa kuingilia Windows, na aliyekwisha kuitia kompyuta mkononi hana haja ya kupita mlango huo. Huchomeka flashi yenye Linux, akaiwasha kompyuta kwa hiyo, na mafaili yote yakamfunukia. Au huing'oa diski akaitia katika mashine yake mwenyewe. Hapo hata nywila ndefu ya herufi na tarakimu haifai kitu, kwa kuwa hakuna aliyeiuliza.

Mnamo Mei 2006, nchini Marekani, wezi walivunja nyumba ya mfanyakazi wa idara ya serikali inayowahudumia maveterani, katika jimbo la Maryland, wakachukua kompyuta mpakato na diski ya nje iliyobeba majina, tarehe za kuzaliwa na nambari za hifadhi ya jamii za watu wapatao milioni 26.5, bila ya kusimbwa. Vifaa vilipatikana mwezi uliofuata, na wapelelezi hawakuona dalili kwamba taarifa zilifunguliwa. Hata hivyo, mwaka 2009 idara ilikubali kulipa dola milioni 20 ili kuimaliza kesi iliyofunguliwa dhidi yake.

Dawa yake ni kuisimba diski nzima, isisomeke pasipo ufunguo, na dawa hiyo si ngeni: Windows ina BitLocker tangu toleo lake la Vista, Apple ina FileVault, Linux ina LUKS. Ufunguo wa akiba uwekwe mbali na kompyuta yenyewe, na kompyuta izimwe kabisa isiachwe imelala, kwani mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walithibitisha kwamba ufunguo uliobaki katika kumbukumbu ya mashine inayowaka au iliyolala waweza kunaswa.

Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania 2022. Lakini kabla ya sheria yoyote, siri ya mgonjwa, alama za mwanafunzi na akiba ya mwanachama ni amana, na kuiachia diski iliyo wazi isafiri ndani ya basi ni taksiri isiyo na udhuru. Basi kila mkuu wa zahanati, shule au chama cha akiba na mikopo amwite fundi wake leo, amwulize kama diski zao zimesimbwa, na akijibiwa kuwa bado, aamuru zisimbwe kabla kompyuta haijatoka tena ofisini.