Kompyuta Si Lazima Uifuate Nairobi

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alivuka feri kutoka Likoni akiwa na karatasi moja mkononi. Ana B ya KCSE, hisabati yake imesimama, na anataka kusomea Sayansi ya Kompyuta. Karatasi ilikuwa na majina ya vyuo, vyote vya Nairobi na viunga vyake. "Mjomba, nipangie," akaniambia. Nilipomuuliza ni nani aliyevichagua, akasema kijana wa saiba, kwa kuwa "ndivyo vinavyojulikana."

Kila KUCCPS inapofungua tovuti yake, hali ni hiyo hiyo Kisauni, Changamwe na Likoni. Uamuzi wa miaka 4, unaogusa mfuko wa familia nzima, unafanywa kwa dakika 20 juu ya kiti cha plastiki huku foleni inanung'unika nyuma yako.

Mimi mwenyewe niliingia mkenge. Mapema miaka ya 2000 nililipia diploma ya kompyuta katika chuo kilichokuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Mashine zilikuwa sita, mbili mbovu. Cheti ninacho, lakini kila nilikokipeleka niliulizwa nani anakitambua chuo hicho, na leo chuo chenyewe hakipo. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa binti lilikuwa: kozi hii, si chuo tu, imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu?

La pili ni pesa. Tangu mfumo mpya wa ufadhili uanze 2023, serikali haigawi fedha sawa kwa kila mwanafunzi. Familia hupangwa kwa madaraja kulingana na uwezo wake. Kwa madaraja matano yaliyotangazwa, wa chini kabisa hupata ufadhili wa asilimia 70, mkopo 25, na nyumbani hutoka 5. Daraja la tano, nyumbani hutoka asilimia 40. Tuseme kozi ni shilingi 200,000 kwa mwaka: mzazi wa daraja la tatu, anayedaiwa asilimia 20, atatafuta 40,000. Hapo hujalipa chumba cha Nairobi, chakula, wala nauli ya kurudi Idi.

Na mkopo wa HELB si sadaka. Una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayeacha kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Kwetu Waislamu suala la riba si dogo. Ulizeni mapema kama kuna njia isiyo na riba, kabla kijana hajabonyeza kukubali.

Sasa tazama vilivyo karibu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, kama kilomita 60 kutoka mjini. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, kiko Tudor. Mtoto wa Likoni anayevuka kwa miguu halipi feri hata senti, akirudi anakula kwao. Wengi hawajui kwamba TUM ilianza kama MIOME, taasisi iliyojengwa miaka ya mwisho ya 1940 ili Waislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Aga Khan na Sultani wa Zanzibar walichangia. Wazee walikijenga, sisi tunakiita chuo cha waliokosa.

Wanaokidharau hutaja alama za kuingilia. Lakini alama hizo hupanda na kushuka kwa wingi wa walioomba mwaka ule na nafasi zilizokuwepo. Hazikwambii mwalimu anafundisha vipi. Bora usome jina la kozi vizuri: Sayansi ya Kompyuta ina hisabati nyingi na uandishi wa programu, Teknolojia ya Habari huelekea zaidi kwenye mitandao na uendeshaji wa mifumo. Kuna vijana hugundua tofauti hiyo mwaka wa pili.

Sikatai, Nairobi ina faida. Kampuni nyingi ziko huko, na nafasi za mazoezi ya kazi pia. Mwenye shangazi wa kumpa kitanda Eastleigh au South B, na ada anaiweza, aende. Lakini mhandisi husajiliwa na bodi na wakili hupita shule ya sheria, ilhali mwandishi wa programu hana bodi ya kumpa leseni. Mwajiri humuuliza ametengeneza nini. Kwa hiyo laptopu nzuri iliyonunuliwa kwa pesa za kodi ya nyumba inaweza kumfaa kuliko jina la chuo.

Na intaneti yenyewe inaingilia kwetu. Waya wa TEAMS ulifika Mombasa kupitia chini ya bahari mwaka 2009, SEACOM mwaka huo huo, EASSy ukafuata. Inapita mlangoni petu, nasi tunapanda basi kuifuata bara.

Tulipomaliza, Pwani ilikuwa juu, TUM ikafuata, na chuo kimoja cha Nairobi kikabaki cha tatu. Binti ameridhika. Mamake bado. Dadangu amenipigia simu mara mbili kuniuliza, majirani wakimuuliza mtoto amepelekwa wapi, atawajibu nini.