Bei ya Sahani Iandikwe Kabla ya Siku ya Fedha

MEZA YA MTEJA
Na Mwilambwe Kalaba

Siku ya fedha, yaani siku msaada wetu unapotolewa, sahani ya bukari (ugali) na samaki katika malewa mengi, vibanda vyetu vya chakula hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Mantapala, Zambia, hupanda bei kabla ya saa sita mchana. Samaki ni yule yule, bukari ni ule ule, na benchi ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mpishi anajua leo nina noti mfukoni. Lalamiko hili nimelisikia sokoni, kwenye bomba la maji na kwa kinyozi, na mimi mwenyewe ninalo. Wiki hii nataka kulisema hadharani na kulifuata hadi linakoanzia, kwa sababu naamini halianzii jikoni.

Lakini kwanza niwape wapishi wetu haki yao, maana sifa huwafikia mara chache. Sisi tuliovuka kutoka Kongo, upande wa Pweto, Moba na Manono, mwaka 2017 tulipitia kituo cha mpito cha Kenani, na kule chakula kilikuwa cha mgawo: unapanga mstari, unapimiwa, unaondoka. Mantapala ilipofunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2018 tuliendelea hivyo hivyo. Halafu akina mama wachache wakaweka mafiga matatu chini ya turubai na kuanza kuuza sahani. Leo unaweza kutembea barabara ya soko ukachagua. Huyu anapika sombe ya majani ya muhogo, iliyotwangwa ikalainika na kuiva na mawese, yule anatia karanga. Kuna anayekaanga samaki aina ya pale wa Ziwa Mweru mpaka mapezi yanavunjika mdomoni, na kuna anayejua kupika chisense kavu na nyanya na kitunguu mpaka hata watoto wanaomkataa samaki mdogo wanaomba tena. Asubuhi kuna mikate ya moto na chai. Jua likipanda kuna munkoyo, na munkoyo wetu na wa wenyeji wetu ni kinywaji kimoja, kwa hiyo hapo hakuna mgeni.

Katika malewa unaulizwa: "Papa, unakula na nini leo?" Mtu aliyeishi miezi mingi bila kuulizwa anapenda kula nini anajua thamani ya swali hilo. Unaweza kusema chumvi imezidi, mama akarudisha sufuria motoni. Unaweza kusema sahani ya jana ilikuwa nzuri zaidi. Unaweza kuinuka ukaenda kwa jirani. Kwenye mstari wa mgawo hakuna hata moja kati ya hayo linalowezekana, na ndiyo maana naumia ninapoona mahali pale pa heshima pakiharibiwa na bei inayotajwa baada ya kula.

Hivi karibuni nilikaa mahali ninapokula siku zote. Sikuuliza bei kwa sababu niliijua. Nilipomaliza na kunawa, nikaambiwa kuna nyongeza ya kwacha 10.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu leo, papa. Kila kitu kimepanda."

"Mbona hukuniambia kabla sijakaa?"

Hakujibu mara moja. Alikuwa na wateja wengine na hakutaka tuvutane mbele yao, na mimi pia sikutaka. Nililipa. Jioni nilirudi, si kwa ugomvi, nikamwomba anihesabie. Alikubali, akavuta kigoda, akaanza na samaki.

Samaki hatoki ziwani akaja moja kwa moja kwenye sufuria yake. Anatoka Kashikishi, soko kubwa la samaki la wilaya hii ya Nchelenge, na kule mnunuzi anayefika alfajiri ndiye anayemwona samaki mbichi, akamgeuza, akafunua mashavu yake, akabishana bei. Mama huyu hafiki alfajiri. Mkimbizi anatakiwa kuwa na kibali ili atoke nje ya makazi, na kukiomba ni kazi ya kufuatilia ofisini wakati moto wa malewa unamsubiri. Kwa hiyo ananunua kwa mtu wa kati mwenye pikipiki na mwenye uhuru wa kwenda na kurudi. Huyo analeta alichotaka yeye, kwa ukubwa anaotaka yeye, na bei yake haijadiliwi sana kwa sababu anajua mama hana pa kwenda. Siku ya fedha mtu wa kati naye hupandisha. Anaijua kalenda yetu kama sisi wenyewe.

Hapo niliona kwamba nyongeza niliyotozwa ilikuwa imeanza safari yake mbali sana na benchi nililokalia.

Si jambo jipya katika ziwa hili. Wakati wa ukoloni, wafanyabiashara wa Kigiriki waliokaa Kasenga, upande wa Kongo, walikuwa wakipakia samaki wa Luapula na Mweru kwenye barafu na kuwapeleka Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kulisha wafanyakazi wa migodi ya shaba. Samaki aitwaye pumbu alivuliwa kwa wingi wakati akipanda mto kutaga mayai, na kufikia miaka ya 1950 samaki huyo aliyekuwa fahari ya Luapula alikuwa ameadimika. Leo malori yanayongoja Kashikishi yanaelekea Kitwe na Ndola, kwenye shaba vilevile, ila ya Zambia. Mwenye gari na mwenye ruhusa ya kutembea huchagua kwanza. Anayekaa karibu na maji bila vitu hivyo viwili hula waliobaki, tena kwa bei ya mjini.

Baada ya samaki mama alihesabu mkaa, mafuta, unga na gharama ya kusaga. Haya sitayarefusha, kila mwenye jiko anayajua. Ila jambo la mwisho alilotaja lilinigusa zaidi, kwa sababu si la mtu wa kati wala la ofisi. Ni letu sisi wateja.

Alinifungulia daftari. Ukurasa baada ya ukurasa, majina ya watu waliokula kwa deni: "nitakulipa siku ya fedha." Na siku ya fedha inapofika, baadhi ya watu hao hubadilisha njia. Wanazunguka nyuma ya kanisa ili wasipite mbele ya malewa, wanakwenda kula mahali ambapo hawadaiwi, kwa noti mpya, kama wageni. Mama afanye nini? Anaweka deni lao ndani ya sahani yangu. Mteja anayelipa anamlipia anayekimbia, na kwacha 10 yangu ilikuwa na majirani zangu ndani yake.

Nalisema hili kwa uchungu. Tunaowadai wapishi haki ndio tunaowaibia. Mwanamke aliyekulisha katikati ya mwezi, wakati hukuwa na hata ngwee, alikupa mkopo ambao hakuna benki ingekupa, bila dhamana wala riba. Katika msaada unaokuja, ambao kila mmoja wetu anaona unavyopungua, deni lake litoke kwanza, kabla ya vocha ya simu na kabla ya nguo.

Hata hivyo, hesabu yote ya mama haiondoi haki yangu ya kuambiwa bei kabla sijakaa. Bei ikipanda, ipande kwa maandishi. Kipande cha ubao na mkaa vinatosha: bukari na sombe kiasi hiki, bukari na samaki kiasi hiki. Kiandikwe siku mbili kabla ya fedha kutolewa, na kisifutwe mpaka wiki iishe. Mwenye noti chache ajue kama atakula samaki au sombe tupu, au kama atarudi nyumbani akale na watoto wake. Kumwacha ale kisha kumtajia bei mpya mbele ya watu ni kumvua heshima ile ile aliyoifuata pale mezani. Na mtoto aliyetumwa kununua, asiyejua kubishana, ndiye anayeumia zaidi.

Kanuni hii naitaka pia kwa watoa huduma wengine. Wapo mawakala wa fedha za simu wanaokuambia fedha taslimu zimeisha, kisha zinapatikana ukikubali kuacha kitu juu ya makato ya kampuni. Makato yamekwisha kupangwa, na wakala analipwa kamisheni kwa kila muamala. Anachoomba juu ya hapo hakina risiti, na kinaombwa kwa mtu ambaye hawezi kupanda pikipiki kwenda kwa wakala mwingine mjini Nchelenge. Huo ni unyonyaji, na wenye kamati za soko waache kuuita biashara.

Kwa upande mwingine, kuna kijana anayechaji simu kwa sola ambaye ningependa kila mfanyabiashara wa hapa amwige. Msimu wa mvua, mawingu yakikaa siku nzima, hukurudishia simu na kusema: "Yaya, leo jua limekataa. Imeingia nusu. Toa nusu ya bei, au iache mpaka kesho." Hana ubao, hana karatasi ya kanuni. Anasema ukweli kabla hujaugundua mwenyewe, basi. Na kibanda chake hakikosi watu.

Wenyeji nao ni wateja wetu, jambo tunalolisahau tunapoongea kana kwamba soko hili ni la wakimbizi peke yao. Mantapala ilipangwa tangu mwanzo iwe mahali ambapo Wazambia wa vijiji vya jirani na sisi tunatumia shule, kliniki na soko pamoja. Bamayo, akina mama wa vijiji hivyo, wanakuja na muhogo na maharage asubuhi, wanauza, halafu wanakaa kwenye malewa yetu kula kabla ya kurudi. Mgeni wa namna hiyo akitajiwa bei mbili kwa wiki moja hatabishana. Atabeba chakula kutoka nyumbani, na tutakuwa tumempoteza bila hata kujua.

Na usafi. Kipindupindu kilipoingia Nchelenge mwaka 2023 tulijifunza wote kutazama ndoo ya kunawia kabla ya kutazama sufuria. Malewa mengi yana ndoo yenye bomba na sabuni, na mengine yamerudia beseni moja ambalo watu kumi wanatumbukizia mikono. Mteja aseme. Asiposema, ahame. Bukari huliwa kwa mkono, na hapa sioni sababu ya kuvumilia.

Nirudi kwenye kibali, kwa kuwa ndicho kilichonifanya niandike. Zambia ina Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2017, na mwaka 2024 ikazindua Sera ya Taifa ya Wakimbizi inayozungumzia kujitegemea na kuishi pamoja na wenyeji. Nchi hii imewapokea wakimbizi katika makazi ya Mayukwayukwa tangu 1966 na ya Meheba tangu 1971, na sitaki neno langu lolote lisomwe kama kukosa shukrani. Nina jirani aliyelala mara yake ya kwanza bila kusikia risasi akiwa kwenye ardhi ya Zambia. Lakini mwanamke anayelisha makumi ya watu kila siku, anayelipa ushuru wa soko, anayekopesha nusu ya mtaa, hawezi kujitegemea huku akiomba ruhusa upya kila anapotaka kwenda kuchagua samaki. Mlango unaofunguliwa kwa siku chache haumsaidii mtu ambaye biashara yake inamtaka atoke kila alfajiri.

Ninachoomba ni kidogo na kinawezekana. Ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi itoe kibali cha muda mrefu kwa wauzaji wa chakula na wachuuzi walioandikishwa sokoni, kwa njia ya Kashikishi na Nchelenge, kitakachorudiwa kwa mwaka na si kwa safari. Kamati ya soko iwe mdhamini. Wapishi waungane, watatu au wanne, wampeleke mmoja wao kwa zamu, wagawane gari. Atakayeenda atawajua wavuvi kwa sura, atanunua kwa bei wanayonunua wengine, na mtu wa kati atalazimika kushindana naye badala ya kumpangia. Hapo nitakuwa na haki kamili ya kusimama mbele ya ubao wa mkaa na kudai bei ishuke.

Na tarehe ina uzito. Ziwa hufungwa kwa uvuvi kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na ni haki lifungwe, kwa sababu tuliyoyasikia ya pumbu yanatosha. Wapishi wenye akiba ya samaki wakavu na chisense hupita miezi hiyo mitatu wakiuza. Wasio nayo huwategemea wenye maghala, na bei ya Januari tunaijua wote. Kibali kikitolewa Oktoba au Novemba, mama anaweza kwenda Kashikishi akanunua magunia yake wakati soko limejaa. Kikitolewa Januari, atakwenda kukuta meza tupu.

Maombi ya wapishi wa mtaa wetu yameandikwa na yanangoja sahihi za wateja kwa mwenyekiti wa soko. Aliye na deni kwenye daftari aanze kwa kulilipa, halafu apite pale atie sahihi.