Kiko cha babu si kitu cha kuuzisha

Ingieni mu nyumba za watu waliosoma hapa Lubumbashi, muangalie juu ya kabati. Mara nyingi mtakuta brike ya zamani, Zippo ya chuma ambayo baba aliachiwa na bwana wake wa kazi wakati wa Wabeleji. Inasuguliwa, wageni wanaonyeshwa, watoto wanakatazwa kuigusa. Sasa ulizeni kiko cha babu kiko wapi, kile cha kichwa cha udongo na mrija murefu. Kiliuzishwa. Ao kilichomwa siku ya maombi. Ao kiko nyuma ya jikoni mu ndoo yenye kutoboka, pamoja na misumari.

Sisi hatuna vita na brike. Ni chombo cha akili. Zippo ilianza kutengenezwa Marekani, mu mji wa Bradford, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Gurudumu kidogo linasugua jiwe, cheche inaruka, utambi wenye petroli unashika moto, na upepo ukivuma moto hauzimike haraka. Tena kuna jambo lingine: toka miaka ya 1950 kiwanda kilianza kupiga alama chini yake, na mwenye kujua kuzisoma atakuambia ilitoka mwaka gani. Njo maana wakusanyaji wa kule wanazijua moja moja, kama mchungaji anavyojua ng'ombe zake.

Kiko chetu hakina alama chini. Mwaka wake, jina la aliyekichonga, siku gani kilitolewa na nani alikuwa na haki ya kukishika, hayo yote yako mu kichwa cha mzee mmoja ao bibi mmoja. Mnunuzi anatoka na kiko mu sakoshi, lakini habari zinabaki hapa, na bibi akifa zinazikwa naye. Kinachofika Brussels ni mti na udongo tu. Halafu wanaandika kikaratasi: « Kiko, Kongo ». Basi!

Kuna wanaotuambia kwamba kiko ni upagani, kitu cha aibu kwa mkristo. Tunawauliza: brike je, ilibatizwa lini? Na tumbako yenyewe si ya mizimu yetu. Ilitoka Amerika, nyuma ya safari ya Colombo ya 1492, ikafika kwetu kwa njia ya biashara. Wazee walipokea jani la wageni wakalijengea nyumba yao wenyewe. Bakuba walichonga viko vya mti vyenye kichwa cha mtu, kazi ambayo hata leo inashinda mafundi wengi. Batshokwe walitengeneza vinu vidogo vya kutwangia tumbako ya kunusa, na juu yake sanamu ya mtu aliyekaa. Kwingine walichukua kibuyu, wakatia maji ndani, moshi upite mu maji kabla ya kufika mdomoni. Wakati Emil Torday alikusanya vitu vya Bakuba kwa ajili ya British Museum, kati ya 1907 na 1909, hakuona aibu yoyote.

Na wanaosema kiko ni uchafu tu wa kuvutia, wasome habari ya Balulua. Wakati Pogge na Wissmann walifika kwa mfalme Kalamba Mukenge mwaka 1881, walikuta watu wanaojiita Bena Diamba, wana wa bangi, na inchi yao wakaiita Lubuku, maana yake urafiki. Walikuwa wanakaa pamoja kuzunguka kibuyu kikubwa cha kuvutia, na mwenye kosa alilazimishwa kuvuta diamba mpaka kichwa kizunguke. Hatumsifu mtu kwa kuvuta bangi, tuelewane. Lakini kiko pale kilikuwa mapatano na korti pamoja. Na tuseme ukweli wote: Bena Diamba wenyewe walichoma fetishi za mababu, sawa na wahubiri wetu wa leo. Vile vilivyoungua, nani aliandika majina yake?

Wengine sasa, wenye diploma kama sisi, wanapiga kelele upande mmoja tu: Ubelgiji urudishe! Urudishe, ndiyo, na sisi tunasema vile vile. Mwezi wa pili 2022 serikali ya Ubelgiji ilileta orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyo Tervuren. Mwezi wa sita mwaka ule mfalme Philippe akaleta mask Kakuungu, tena kwa kuazima. Lakini kati ya 1976 na 1982 vitu 114 vilikwisha kurudi, na mu miaka ya 1990 makumbusho ya Kinshasa iliibiwa, vitu vikaonekana tena kwa wachuuzi wa Ulaya. Hakuna Mbeleji aliyekuja usiku kuvichukua. Na tuko na sheria, ordonnance-loi 71-016 ya tarehe 15 mwezi wa tatu 1971, ya kulinda mali ya utamaduni. Wale wanunuzi wanaopita mu vijiji na pikipiki, nani amewahi kuwauliza karatasi?

Tunajua jibu la mzazi: mtoto anafukuzwa masomoni. Shule ya msingi ilitangazwa bure toka 2019, lakini sekondari inalipiwa. Kiko kinauzishwa, minerval inalipwa, na sehemu ya pesa ile inatufikia sisi walimu. Kwa hiyo hatuwezi kumtukana mzazi. Tunayemkasirikia ni yule anayempa bei ya mfuko wa unga kwa kitu ambacho yeye anajua bei yake.

Maana wachuuzi wanajua. Kuna wanaochonga kiko kipya, wanakitundika juu ya moshi, wanakipaka mafuta kionekane cha zamani, kisha wanakitungia babu na kijiji. Kwa nini wanahangaika na uongo ule? Kwa sababu mnunuzi wa Ulaya analipia habari kuliko mti. Na habari ya kweli, ile ya bibi, hakuna anayekuja kuiuliza.

Hatumwambii mtu avute. Tumbako inaua, na kiko chenye baridi kinafundisha vizuri kuliko chenye moto. Tunaomba jambo moja kwa walimu wenzetu: wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita waende nyumbani na daftari. Waandike jina la mwenye kiko, kijiji, nani alikichonga, nani alikirithi, kilitolewa siku gani, wanawake walikivuta ao hapana. Wapige picha na telefone. Hata kama kesho mzazi atauzisha, daftari itabaki. Na mnunuzi akipiga hodi, asomewe kwanza ile sheria ya 1971, polepole, kwa Kiswahili.