Roboti ya Baba, Alama za Mtoto

Haya jamani, leo sizungumzii seva wala hifadhidata. Leo nina donge rohoni na lazima nilitoe.

Juzi, saa tano usiku, nilikuwa sebuleni nikikata katoni. Binti yangu wa Gredi ya 5 alikuwa amelala zamani. Shule ilitaka kielelezo cha kinu cha upepo, na picha imfikie mwalimu kwa WhatsApp kabla ya kengele ya asubuhi. Nikatia gundi, nikafunga mota ndogo niliyoitoa kwenye kichezeo kibovu, nikaunga betri. Kikazunguka. Nikapiga picha, nikatuma.

Matokeo? "Amezidi matarajio." Naam, amezidi akiwa ndotoni!

Jioni nikamwuliza kinazungukaje. Akanijibu, "Baba, usikiguse, utakiharibu." Sentensi hiyo imenikosesha usingizi kuliko hitilafu yoyote niliyowahi kuisaka kwenye msimbo. Mtoto wa mwanaprogramu anaogopa kugusa kitu kinachodaiwa amekitengeneza yeye mwenyewe.

Najua utasema ni kosa la mtaala wa CBC. La hasha. Mtaala huu, ulioanza kutumika mashuleni mwaka wa 2019, unataka mtoto atende, si akariri. Nami naliunga mkono wazo hilo kwa mikono miwili. Ninachopinga ni namna tunavyolitekeleza: tunapima picha ya kitu kilichokamilika, kisha tunashangaa wazazi wakikesha na gundi. Picha haionyeshi ni mikono ya nani iliyokata.

Na wenye pesa hawajanusurika. Wao huwapeleka watoto kambi za roboti wakati wa likizo. Nazijua vizuri, maana niliwahi kufundisha moja. Tulikuwa na watoto ishirini, visanduku vya vifaa vinavyofanana, maelekezo yale yale, msimbo ule ule wa kunakili. Siku ya mwisho roboti zote zikatembea, wazazi wakarekodi video, makofi yakapigwa. Walipoondoka tukazifungua roboti, tukarudisha kila kitu kwenye visanduku kungoja kundi lijalo. Hakuna mtoto aliyekwenda nyumbani na hata skrubu moja.

Kuna kijana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, nikihamisha waya huu hapa itakuwaje?" Nikamwambia aache, vifaa ni ghali. Mimi huyu huyu! Kibao tulichotumia kilikuwa Arduino, ambacho kilibuniwa Italia mwaka wa 2005 ili wanafunzi wasio wahandisi wapate kitu cha bei nafuu cha kujaribia. Nilichukua chombo cha kujaribia nikakigeuza kuwa chombo cha kutoguswa.

Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka wa 1928 na kushiriki kubuni lugha ya Logo mwaka wa 1967, alitumia maisha yake kueleza jambo hili. Kwake, mtoto anayeandika programu hapaswi kuulizwa tu kama amepata au amekosa. Anapaswa kutazama mahali ilipokwama na kuirekebisha. Kosa ndilo somo lenyewe. Sisi tunaoishi kwa kuandika programu tunalijua hilo kila siku kazini, lakini tukifika nyumbani tunawanyima watoto wetu.

Wala hatuhitaji kwenda Pretoria. Sisi tuliokulia mashambani tulitengeneza magari ya waya, magurudumu ya patipati kuukuu. Usukani ukikataa, ulikunjua waya ukaanza upya. Hakuna aliyetupigia picha. Na pale Kamukunji, mwanagenzi wa jua kali huharibu bati kabla sanduku lake halijasimama. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Wengine watasema madarasa yamejaa, mwalimu hawezi kumtazama kila mtoto. Ni kweli, na ndiyo maana naogopa. 8-4-4 nayo ilianza mwaka wa 1985 ikiahidi ufundi wa mikono. Mzigo wa vifaa ukawaangukia wazazi, mtihani ukatawala, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 sanaa na ufundi vikabaki nje ya KCPE. Tukiendelea kupima picha, tutaizika ahadi ile ile mara ya pili.

Basi nadai mambo mawili. Mwalimu, pokea kitu kisichofanya kazi, mradi mtoto aeleze alijaribu nini na kilikwama wapi. Maelezo ya dakika moja hayahitaji vifaa, na baba hawezi kuyatoa kwa niaba yake. Nanyi wenye kambi, punguzeni roboti, mtoto aende nyumbani na kitu chake, hata kama ni betri mbili, taa moja nyekundu ya LED na waya za redio mbovu.

Hivyo ndivyo nilivyompa binti yangu Jumamosi. Akaunga, taa ikakataa. Niliona mara moja kwamba ameigeuza miguu. Mkono wangu ukaanza kwenda, nikaukalia. Dakika ishirini nzima! Akanuna, akabadilisha betri, akakaribia kulia, kisha akaigeuza taa. Ikawaka. Akaigeuza tena ili izime, makusudi, akaniangalia.

Kazi yake ya wiki hii ilikwenda shuleni imepinda, gundi imechuruzika. Amepata "anakaribia matarajio". Kile kinu changu nimekitupa pipani. Taa yake iko juu ya friji, na ukimwuliza kwa nini haiwaki ikigeuzwa, atakueleza mpaka uchoke.

Nawe mzazi mwenzangu, ile ya mwisho mliyotuma, aliitengeneza nani? Sema kweli hapo chini, hatutakucheka. Sana.