Simu inajua pa kulala: nani anaomba ruhusa kwa mama wa Lubumbashi?

Mutu akitoka Lubumbashi na gari ya asubuhi, kilometa kama 90 za barabara, mbele hata ya kushuka Kasumbalesa simu yake inaanza kulia. Mesaje moja inamukaribisha Zambia na kumupatia bei ya kupiga simu kule. Yeye bado iko upande wa Congo, hajapanga hata mustari wa uhamiaji. Watu wa njia ile wanacheka tu, wamezoea. Haiko uchawi. Simu, hata ile ndogo ya vibonyezo isiyo na intaneti, kila wakati inaongea na antena iliyo karibu, na rezo inaandika namba gani ilipita ku antena gani, na saa ngapi.

Habari hiyo ni ya lazima. Kampuni isipojua simu iko wapi, haiwezi kuiletea mwito. Shida inaanza pale habari ile ile inatumikishwa kazi ingine, na mu miaka hii kumi na tano kazi zingine zimekuwa hasa mbili: kuuza vitu, na kufuata magonjwa. Muuzaji na munganga hawakai meza moja, lakini wote wawili wanataka kujua jambo moja: watu wanalala wapi, wanashinda wapi, wanapita wapi.

Tuanze na biashara. Zamani mwenye sabuni mupya alituma gari yenye bafle izunguke Katuba na Kenya, na wote walisikia sawasawa, mwenye pesa na asiye na pesa. Leo mwenye duka anaweza kufungua Facebook, achore duara ku ramani kuzunguka soko, alipe dola chache, na tangazo lake lionekane tu kwa watu walio ndani ya duara lile. Kampuni za simu nazo, fasi nyingi za dunia, zinauza mesaje kwa eneo: wateja wa antena hii wapate, wa antena ile hapana. Kwa muuzaji wa bia ao wa maziwa ya unga ni faida kubwa, hapotezi franka kwa mutu asiyeweza kufika dukani. Na kwa mununuzi pia si mubaya kila mara, mutu akiambiwa unga umeshuka bei karibu na kwake, atachukia nini?

Lakini duara linaweza kuchorwa fasi yoyote. Marekani, kampuni moja ya matangazo, Copley Advertising, ilichora maduara kuzunguka kliniki za uzazi mu miji kadhaa. Mwanamuke aliyeingia pale na simu yake alianza kupata matangazo ya kumugeuza mawazo juu ya mimba. Mwaka 2017 mwendesha mashtaka mukuu wa jimbo la Massachusetts aliifanya kampuni hiyo ikubali kutofanya vile ndani ya jimbo lake. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ikashitaki kampuni ingine, Kochava, juu ya kuuza habari za mahali simu zilipita, zikiwemo simu zilizoingia mu kliniki na mu nyumba za ibada.

Mutu atasema hayo ni mambo ya Wazungu, huku kwetu simu nyingi ni za vibonyezo. Basi tuchukue mufano wa maziwa. Tangu mwaka 1981 kuko kanuni ya kimataifa inayokataza kutangaza kwa raia maziwa ya kopo yanayochukua nafasi ya ziwa la mama, na kukataza wauzaji kuwafuata wajawazito. Aprili 2022 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa ripoti iliyoonyesha namna kampuni za maziwa zinapita njia ya simu: zinalipa watu wenye wafuasi wengi, zinaunda vikundi vya mama, zinakusanya habari za wajawazito na kuwatumia tangazo saa ile mama amechoka na mutoto analia. Sasa fikiria simu ambayo imelala siku tatu ku antena iliyo karibu na maternite, halafu imerudi Ruashi, na tangu pale inatumiwa sana usiku wa manane. Hakuna mutu aliyeandika kwamba mwenyewe amezaa, na hakuna munganga aliyetoboa siri. Lakini ukisoma mwendo wa simu tu, unajua. Huu ni mufano, si mashtaka juu ya kampuni yoyote ya hapa. Unaonyesha tu kwamba habari ya mahali inaweza kugeuka habari ya afya bila mutu kupita ku ofisi ya munganga.

Na habari ya afya, Lubumbashi tunaijua inavyoombwa.

Kati ya mwezi wa tatu 2013 na mwezi wa pili 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven na Gand, Ubelgiji, walifuata watoto waliozaliwa na kilema ndani ya muji huu. Walichukua watoto 138 wenye kilema cha kuonekana, na wengine 108 wasio na kilema ili kulinganisha. Mama waliombwa damu, mukojo, kipande cha kondo la nyuma, mpaka vumbi la nyumbani, ili kupima kobalti na metali zingine. Matokeo yalitoka mwaka 2020 mu jarida The Lancet Planetary Health. Lililoshitua zaidi lilikuwa upande wa baba: mutoto ambaye baba yake anafanya kazi inayohusu madini alikuwa na uwezekano kama mara tano na nusu zaidi wa kuzaliwa na kilema. Kwa muji unaoishi kwa madini, tangu Union Minière mpaka wachimbaji wa mikono wa leo, lile si jambo la kusoma na kupita.

Habari hiyo ilipatikana sababu kuko mama waliokubali. Mwanamuke ametoka kuzaa, mutoto wake ana kilema, munganga anakuja kumuomba kondo la nyuma. Anaweza kukataa. Mu Tangazo la Helsinki, lililoandikwa mara ya kwanza mwaka 1964 na kurekebishwa nyuma yake, waganga wa dunia wamekubaliana kwamba utafiti juu ya binadamu unapita kwanza ku kamati ya maadili, na kwamba mutu anaelezwa kazi ni ya nini, hatari ni gani, na anaweza kutoka saa yoyote bila kunyimwa matunzo. Anaelezwa kwa luga anayosikia. Kama hajui kusoma, anasomewa mbele ya shahidi. Kuko watafiti wanaofanya hayo haraka haraka, karatasi inasainiwa na mutu hajasikia kitu, hilo linajulikana. Lakini kanuni iko, na munganga anayeivunja anaweza kuulizwa.

Swali gumu liko katikati, pale utafiti wa afya unapochukua habari ku simu badala ya ku damu. Zanzibar, mwisho wa mwaka 2008, watafiti wa malaria walitumia habari za miezi mitatu za namba karibu 770,000 za kampuni Zantel, kuona wakaaji wa kisiwa wanasafiri wapi na wanaweza kurudisha malaria kiasi gani. Kenya (inchi, si komini yetu) walienda mbali zaidi: simu karibu milioni 15, mwaka muzima, tangu Juni 2008 mpaka Juni 2009. Utafiti ulitoka mu jarida Science mwaka 2012, na ulionyesha namna vijidudu vya malaria vinatoka eneo la Ziwa Victoria na kufika Nairobi ndani ya damu ya wasafiri. Kazi ya maana sana. Ukijua njia ya ugonjwa, unajua pa kupeleka dawa na vyandarua. Haut-Katanga, na mwendo wake wa watu kati ya Kolwezi, Likasi, Lubumbashi na mupaka, ingefaidika na ramani kama ile.

Lakini kati ya wenye simu milioni 15 wale, hakuna aliyeombwa ruhusa moja moja. Isingewezekana, watasema watafiti, na ni kweli. Majina yalitolewa, namba zikafichwa, watu wakahesabiwa kwa mafungu.

Congo nayo imepita hapo. Mwezi wa tatu 2020, liwali Jacques Kyabula alipofunga jimbo saa 48 juu ya wagonjwa wawili walioshukiwa kufika na ndege ya Kinshasa, hakuna aliyejua kwa hesabu ni watu wangapi walibaki nyumbani. Tarehe 6 Aprili Kinshasa ikafunga komini ya Gombe, na safari hii mwendo wa watu ulipimwa: shirika Flowminder lilichambua hesabu za simu, Vodacom ikiwa kati ya kampuni zilizozitoa, bila majina. Serikali ikaweza kuona kama amri inafuatwa. Raia wengi hawakujua kwamba simu yao ilihesabiwa.

Je, kutoa jina kunatosha? Mwaka 2013 watafiti walichukua habari za simu za watu milioni moja na nusu wa inchi moja ya Ulaya, bila majina. Wakakuta kwamba ukijua fasi nne tu mutu alipokuwa na saa alizokuwa pale, unamutambua peke yake kati ya wote, mara 95 kwa 100. Mukaaji wa Lubumbashi anaweza kujijaribu mwenyewe. Analala Ruashi. Saa mbili asubuhi iko Njanja. Siku ya mechi iko uwanjani Kamalondo. Siku ya mungu anasali Katuba, kanisa ile ile. Ni watu wangapi wana njia hiyo yote ine? Jirani yake angemutaja jina mbele ya kumaliza kusoma.

Hapo ndipo woga wa raia unapata mizizi, na woga huo haujatoka hewani. Aprili 2020 munganga mumoja na mutafiti mumoja wa Ufaransa walipozungumza ku televisheni juu ya kujaribu chanjo Afrika, na siku chache nyuma yake Profesa Muyembe akasema Congo iko tayari kwa majaribio, hasira ilipanda inchi nzima hata akalazimika kueleza kwamba chanjo ingejaribiwa kwanza ngambo. Mwaka ule ule ikaja RAM, ile kodi ya simu: inite zinakatwa bila mwenyewe kuulizwa, mpaka kelele za raia na za wabunge zikaisimamisha mwaka 2022. Mutu aliyekatwa inite zake kwa nguvu, ukimuambia kesho simu yake inasaidia kupiga vita na malaria, atakuuliza kwanza pesa zake zilienda wapi.

Sheria iko. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda maisha ya siri ya mutu pamoja na mazungumuzo yake ya simu. Tarehe 13 Machi 2023 ikasainiwa sheria-amri ya mambo ya dijitali, ile wanaita Code du numérique. Hiyo inataka habari za mutu zichukuliwe kwa sababu inayojulikana, inaweka habari za afya kati ya zile zinazolindwa zaidi, na inamupatia mwenyewe haki ya kuuliza na ya kupinga. Jirani zetu walitangulia: Kenya na Uganda mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Ku karatasi tuko pamoja nao.

Tofauti iko mu namna ya kuomba. Mutafiti anayetaka mukojo wa mama wa Katuba analazimishwa kueleza kwa Kiswahili. Masharti ya kampuni ya simu yako kwa Kifaransa, marefu, na mwisho wake kuko «OK» ya kubonyeza ili upate megabaiti za bure. Mu maadili ya utafiti, zawadi ikiwa kubwa kiasi cha kumufanya masikini ashindwe kukataa, ile ruhusa inahesabiwa mubaya. Nairobi waliona jambo hilo kwa macho mwaka 2023: watu walipanga mistari kupigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin juu ya sarafu za dijitali za thamani ya shilingi kama 7,000, mpaka mwezi wa nane serikali ikasimamisha kazi. Waliopanga mistari walikubali, hakuna aliyewasukuma. Walikuwa na njaa tu.

Ndiyo maana mashirika ya kiraia ya hapa yanaweza kuanza na mambo madogo, bila kungoja Kinshasa. Kamati ya maadili inayopokea utafiti wa damu inaweza kudai kupokea pia utafiti wa simu, hata kama majina yametolewa. Kampuni ya simu inaweza kuombwa iseme kwa Kiswahili, ku redio, inatoa hesabu gani, kwa nani, na namna gani mutu anaweza kutoka ndani ya matangazo bila kupoteza namba yake. Gharama ya tangazo la redio inajulikana, si kubwa.

Na kuko jambo la mashamba, ambalo mu muji tunalisahau. Lubumbashi antena moja inabeba maelfu ya simu, mutu anafichama ndani ya wengi. Upande wa Mitwaba ao Pweto, antena moja inaweza kubeba kijiji kimoja na vitongoji vyake. Watafiti wanaojiheshimu wanajua hatari hiyo: hesabu ikiwa ndogo sana wanaifuta, haionekani ku ramani. Muuzaji hana kanuni kama hiyo. Kwake yeye fungu dogo, la watu wanaofanana na wenye haja moja, ndilo analotafuta, na iko tayari kulilipia zaidi.